Kola Ndiyo ya Baba Yako

Mafinga, nyumbani, saa tisa alasiri

Atupele mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu nimekuona nusu saa iliyopita ukitoka hapa na nywele zimefumuliwa, unaenda kusukwa pale karibu na soko. Umeniachia amri tatu kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri kesho: nisifungue sanduku lako, nisikuongezee unga kwenye kiroba, na asubuhi nisilie mbele ya abiria. Unga nimeshaongeza. Kuhusu kulia, tutaona hiyo kesho.

Mzigo wako uko hapa sebuleni, karibu na mlango: godoro, ndoo ya vyombo, sanduku, na ile picha uliyoitoa ukutani jana ukaifunga kwa kitenge changu bila hata kuniomba. Juu yake umebandika karatasi yenye herufi kubwa, KIOO, MSIKALIE. Ukutani pamebaki mraba msafi, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kuwa rangi yetu ya zamani ilikuwa nzuri namna ile.

Habari za neti na maji ya kuchemsha sitaandika. Madibira kuna joto na kuna mbu, umeshaambiwa na kila mtu aliyewahi kupita huko hata kwa bahati mbaya, na wewe ni muuguzi. Kama muuguzi hajui kujikinga na malaria, basi wagonjwa wa zahanati hiyo wana kazi. Naandika kwa sababu nyingine.

Naandika kwa sababu mtu uliyemfunga ndani ya kitenge si baba yako.

Rudia kusoma kama unataka, maneno ni hayo hayo. Nimejaribu kuyasema kwa mdomo mara nyingi. Nilijaribu ulipomaliza darasa la saba, nikajaribu ulipotoka kidato cha nne, nikajaribu juzi ulipopata barua ya ajira ukaenda kuisoma kwa sauti mbele ya ile picha, umesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kila mara mdomo unafunguka, halafu kinachotoka ni "umekula?" Miaka ishirini nimekuuliza kama umekula hata ukiwa umetoka mezani sasa hivi. Ulidhani ni mapenzi, na ni kweli ni mapenzi, lakini nusu yake ilikuwa hili.

Nianze na kahawa, maana huko ndiko yalikoanzia.

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi kule Igowole nilikuwa na miaka ishirini na mbili na koti moja. Nilitoka kwetu Tukuyu kwa ugomvi. Baba yangu alikuwa amenichagulia mume, nikakataa, akaniambia nikivuka daraja la kijiji nisigeuke nyuma. Nikavuka na sikugeuka. Watu husema nilikuwa jasiri, wananisingizia. Niliogopa tu kwamba nikigeuka nitayaona macho yake. Baba hakuwa mtu wa kupiga, mwanangu. Alikuwa mtu wa kutazama. Ukimwaga maziwa anakutazama. Ukicheka kanisani anakutazama, hasemi kitu, mpaka unaanza kujisikia vibaya kwa makosa ambayo bado hujayafanya. Nililelewa chini ya macho hayo na nikaapa kuwa nikizaa mtoto wangu hatakua hivyo.

Mama yangu akawa ananitumia kahawa kwa siri. Anachota kidogo kutoka kwenye kahawa ya mzee, anaikaanga, anaitwanga, anaifunga kwenye mfuko na kumkabidhi kondakta wa basi la Iringa anishushie njiani. Mimi sikuwa mnywaji. Kwetu tunalima kahawa, kuinywa tunawaachia wengine. Lakini kitu kilichotoka kwa mama huwezi kukitupa, na darasani sikuwa na rangi hata moja ya kutengenezea zana. Siku moja nikaichemsha ile kahawa mpaka ikawa nzito kama dawa ya kifua, nikachovya brashi, nikachora ng'ombe kwenye karatasi ya manila. Akatoka ng'ombe mzuri wa hudhurungi, ana kivuli chini ya tumbo na mikunjo shingoni. Watoto wakapiga makofi.

Nikanogewa. Nikawa na makopo matatu, la kahawa nyepesi, la kati na la nzito, na nikajifunza kwa kukosea. Kuna siku nilichukua kahawa iliyobaki ofisini kwa walimu, kumbe ina sukari. Nikaichorea ramani ya mkoa, nikaitundika, na baada ya siku mbili sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye barabara yote kutoka Mafinga hadi Iringa wanaila. Darasa zima likaja mbele kuwaangalia, na somo la jiografia likaishia hapo.

Aliyeicheka habari hiyo kwa wiki nzima ni baba yako. Alikuwa fundi wa kupasua mbao, alikuja shuleni kutengeneza madawati akatengeneza na maisha yangu. Yeye kahawa hakuiweza kabisa. Nikimwonjesha anakunja uso na kusema, "Mwalimu, hii si ya kunywa, hii paka ukutani." Alinichongea vishikio vya brashi kwa mabaki ya mbao, akavilainisha kwa msasa mpaka vikawa vinateleza mkononi. Nakuandikia haya uyajue vizuri, kwa sababu haya ni ya kweli na yanamhusu yeye.

Ulikuwa na miaka miwili na miezi kidogo gogo lilipoporomoka kutoka kwenye lori kiwandani hapa Mafinga, tulikokuwa tumehamia kwa ajili ya kazi yake. Hayo unayajua.

Usichokijua ni habari ya picha. Harusi yetu haikuwa na mpiga picha, ilikuwa na kuku, pombe ya ulanzi na wazee wa Igowole. Baba yako aliacha picha mbili tu. Moja tuliibandika kwenye msalaba kaburini, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakifanya wenzetu, na mvua za Mufindi ziliila ndani ya mwezi mmoja. Ya pili ilikuwa ndogo, ya pasipoti, aliyoipiga kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Hiyo niliitunza ndani ya Biblia.

Ulipokaribia miaka minne ukaanza kuuliza baba yako alikuwaje. Nikikuonyesha ile pasipoti unasema, "Mbona mdogo?" Ulidhani baba yako alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Nikaona nimkuze. Nikafanya kama wanavyofanya walimu wote wakitaka kukuza ramani: unapiga miraba kwenye picha ndogo, unapiga miraba mikubwa kwenye karatasi, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Kwenye ile picha penseli haikushika, ilikuwa inateleza. Nikachukua kalamu ya wino.

Ndiyo, Atu. Mama yako mwenye cheti cha ualimu alipiga mistari ya wino kwenye uso wa marehemu mumewe, kwenye picha pekee iliyobaki duniani.

Nikaanza chini, kwenye shati, kwa sababu uso niliuogopa. Nilichora kola, ile iliyokunjika upande mmoja, kisha mabega, bega la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya kubeba mbao. Siku mbili nilitumia kwenye shati peke yake. Yakatoka mabega yake hasa, ukiyaona unatamani kuyashika. Siku ya tatu, kabla ya kuingia usoni, nikaona ile mistari ya wino inanizuia kumwona macho. Nikasema niifute kidogo. Nikachukua kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni, nikasugua.

Ile picha ilikuwa imeshakaa miaka kwenye mfuko wa shati la mtu wa jasho. Nilisugua mara tatu, uso ukatoka wote ukabaki kwenye kitambaa, uchafu tu wa rangi ya chai. Kwenye karatasi ilibaki kola.

Nililia, lakini moyoni sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilijiambia, huyu ni mume wangu, nimelala naye miaka minne, uso wake naujua. Nikatayarisha makopo yangu, nikafumba macho nimwite. Hakuja. Nilikumbuka sauti yake, harufu ya utomvu wa msonobari kwenye koti, vumbi la mbao kwenye nyusi, na jinsi alivyokuwa akipiga chafya mara nne, hazipungui wala hazizidi. Uso haukuja. Nilipoyapata macho nikapoteza mdomo, nilipoupata mdomo ukawa wa mtu mwingine.

Nilikuwa nimesahau uso wa baba yako, na miaka miwili ilikuwa haijatimia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote sentensi hiyo mpaka leo.

Nimejiuliza sana ilikuwaje. Nadhani sikumtazama. Alikuwa anatoka alfajiri kabla sijawasha moto, anarudi mimi nimeinama kwenye madaftari ya kusahihisha. Anaingia, ananisalimia, namwitikia macho yakiwa kwenye hesabu za watoto wa watu. Ananisimulia jambo, nacheka huku natia alama ya vema. Nilimpenda, usije ukadhani vinginevyo. Nilidhani tu kuwa ninayo siku nyingine ya kumtazama vizuri.

Basi pale mezani kulikuwa na mabega yasiyo na kichwa. Ningeyaacha hivyo ningekuwa mwaminifu, na watu wangesema nimepata wazimu. Nikachora. Sikufikiri sana, mkono ulikwenda wenyewe, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Unajua kwenye kahawa hakuna nyeupe. Ukitaka mwanga ndani ya jicho lazima uuache tangu mwanzo, karatasi ibaki tupu, na kila tabaka linalofuata ulipitishe pembeni. Mwanga wa yale macho niliuacha bila kukosea hata mara moja. Nikaridhika, nikamweka juu ya kabati akauke, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikukuta umepanda kwenye stuli unamtazama. Ukanyoosha kidole ukasema, "Baba." Nikatazama unapotazama, na juu ya mabega ya mume wangu nikamwona baba yangu. Paji lake, nyusi zake, na yale macho. Uso pekee niliokuwa nimeujifunza kwa kuutazama kila siku, kwa sababu nilikuwa nauogopa. Na kahawa yenyewe ilitoka kwenye mibuni yake.

Nilikuwa na sekunde moja ya kusema hapana. Ulikuwa umeshabusu karatasi, mdomo umekuwa wa kahawia. Nikasema, "Ndiyo, mama, ni baba."

Ningesema ukweli siku ile, yangekuwa mazungumzo ya dakika kumi na pipi moja ya kukunyamazisha. Nilijipa wiki, baadaye nikajipa mpaka uanze shule. Kila nilipoahirisha, wewe ulikuwa umeshamwambia jambo jingine la siri, umeshamwonyesha daftari, umeshamwaga chozi mbele yake, na mimi nikawa sina pa kupita.

Bibi yako wa Igowole alikuja baada ya mwezi. Ukamkimbilia mlangoni ukamvuta mkono umwonyeshe. Alisimama mbele ya picha, kikapu bado kichwani. Akamtazama mtu yule muda mrefu, kisha akakutazama wewe unavyorukaruka. Akasema, "Kamwene, mwanangu." Aliisalimia picha, Atu, kwa ajili yako. Nilikimbilia jikoni. Akanifuata, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua mboga ambazo sikuwa nimemwomba azichambue.

"Mwalimu," akaniambia, "mwanangu sikio yake ya kushoto ilikuwa imekatika hapa juu. Mbwa ilimng'ata akiwa anachunga."

"Najua, mama."

"Huyu wa ukutani masikio yake mazima."

Nikamweleza yote, kuanzia wino mpaka sabuni. Nilidhani atanipiga na kigoda. Aliendelea na mboga mpaka zikaisha, akasema, "Mtoto ameshampenda. Sasa tutafanyaje?" Hakulisema tena mpaka tulipomzika. Lakini utakumbuka kuwa kila alipokuja alikaa kile kiti cha dirishani, na wewe ukimwambia, "Bibi, njoo huku kwenye kochi," anakujibu mgongo unamuuma, anataka jua. Hakuwa anataka jua. Alikuwa anampa mgongo mtu aliyekaa mahali pa mwanawe. Mimi nilimfanya mama wa watu aishi hivyo kwenye nyumba ya mtoto wake.

Wageni wengine walinikaanga bila kujua. "Jamani, huyu binti kamfanana baba yake! Hilo paji!" Nami namimina chai, nasema Mungu ni mwema. Umefanana naye kweli, ni babu yako. Halafu majirani wetu wa zamani wa Igowole wakaanza kuniletea marehemu wao ambao hawakuwahi kupigwa picha, wananieleza pua ilivyokuwa, kidevu kilivyokuwa, niwachoree kwa kahawa wapate cha kuweka karibu na jeneza. Nikikataa wataniuliza mbona wako ulimchora. Nikawachora, na kila nikimaliza macho ni yale yale. Kule Igowole kuna nyumba tatu ambako baba yangu ni mjomba wa watu, na kuna moja ambako ni bibi kizee aliyevaa kilemba. Mwisho nikasema kahawa imeniletea kizunguzungu, nikaacha.

Hapo unaweza kucheka kama unaweza. Kinachofuata hakichekeshi.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini hatuendi Tukuyu. Nilisema nauli, nilisema mvua, nilisema babu ana hasira bado. Babu yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Nilikuacha kwa bibi Igowole nikaenda peke yangu, kwa sababu picha yake ingewekwa mbele ya jeneza na wewe ungemwona. Na kwa mama yangu ile picha ipo sebuleni mpaka leo. Kwa hiyo bibi yako, mzima kabisa, anayelima kwa mikono yake, umemjua kwenye simu tu. Kila Krismasi anauliza, "Mtoto yuko wapi?" nami namjibu ana mitihani. Muuguzi mwenye cheti, bado ana mitihani! Nimekunyima ukoo mzima ili nisiaibike.

Mwalimu wa hisabati unamkumbuka, yule mpole aliyekuwa akipiga mluzi. Alikuja kunywa chai mara tatu, na mara ya tatu alikuwa na neno la kusema. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Alipokaa ukamwambia, "Hapo unamziba baba anaponiangalia." Akahama kiti. Baadaye nilimwambia asije tena, na wewe ulikua ukijua kuwa mama alikataa kuolewa kwa kumheshimu marehemu. Nilikataa kwa sababu mwanamume akiingia picha ingehama, na ikihama maswali yangekuja. Nilimpenda yule mwalimu. Alihamia Njombe na ana watoto sasa.

Lakini kubwa kuliko yote ni wewe. Ulipopata alama mbaya ulikuwa unaigeuza picha itazame ukuta. Ulipovunja sahani ulijificha nyuma ya kochi, hukunikimbia mimi, ulimkimbia yeye. Uliwahi kuniuliza, "Mama, baba alikuwa mkali?" Nikakwambia alikuwa mpole kuliko watu wote niliowajua. Ukaitazama picha, ukanitazama mimi, nikaona umeamua kuwa mama anamtetea tu. Toka hapo umekuwa mtu wa kujieleza mbele ya ukuta. Umechagua kazi ngumu, umekataa safari za wenzako, hata kucheka unacheka umeziba mdomo. Nilivuka daraja nikakimbia macho ya baba yangu, halafu nikayapachika kwa misumari sebuleni kwangu, nikakulea chini yake. Ulikuwa mtoto wa mtu aliyecheka kila kitu, na hukuwahi kulijua hilo.

Na kesho unayabeba kwenda nayo Madibira, uyapachike kwenye chumba chako, juu ya kitanda. Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza.

Leo asubuhi ulipokuwa unaaga kwa jirani nilifungua kitenge. Nilitoa misumari nyuma ya fremu, nikaweka bakuli la maji safi. Kahawa hata ikikauka miaka ishirini haisahau maji, ukiilowesha inaamka. Niliweka ncha ya brashi kwenye sikio la kushoto, nikaanza kuinyanyua kahawa taratibu, nilitaka kulikata hapo juu kama alivyosema bibi. Nilisema angalau kitu kimoja kiwe sawa. Kisha nikajiona ninavyofanya: namwekea mtu mwingine jeraha la mume wangu ili uongo upendeze zaidi. Nikaacha. Nikaifunga tena kama ulivyoiacha, lakini utaona sikio limepauka na lina doa. Ni mimi.

Kwa hiyo ujue hivi. Kola ndiyo ya baba yako, na mabega ndiyo yake, hilo la kulia lililoshuka ulikuwa unalikalia ukiwa mdogo. Kuanzia shingoni kwenda juu ni babu yako wa Tukuyu. Uso wa baba yako sina, na hakuna mtu wa kukupa tena, nimemaliza kuzunguka kwa ndugu wote. Ninachoweza kukupa ni haya: alicheka kabla ya kumaliza hadithi zake mwenyewe, ikabidi tukisie mwisho. Aliogopa vyura. Alikuwa akiimba sauti ya nne kwaya nzima ikimwonea huruma. Mtu akimwomba koti anampa, anarudi nyumbani anatetemeka, ananiambia hakuna baridi. Siku uliyozaliwa alikuja wodini na vumbi la mbao kichwani, nesi akamfukuza akanawe, akanawa, akarudi, akafukuzwa tena kwa sababu alikuwa analia kwa sauti. Sahani ungevunja mbele yake, angekusaidia kuficha vipande.

Msamaha sitakuomba leo. Ukiombwa leo utanipa haraka haraka, nakujua, ili usafiri na moyo mweupe, halafu utakaa nalo huko peke yako.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii chini ya sare zako, uikute Madibira. Nilishafungua hata zipu ya sanduku, samahani, ni ile amri ya kwanza. Lakini ingekuwa ni kuvuka daraja lingine bila kugeuka, na wewe ungesoma haya mahali ambapo huwezi kunipigia kelele. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii hii ukirudi, kabla hatujala. Sasa picha iko mezani, nimeitoa tena kwenye kitenge. Ukitaka iende, nitakufungia mwenyewe. Ukitaka ibaki, itabaki. Ukitaka tuipeleke Tukuyu kwa bibi yako, umwone, yeye akuone, nitakuja Mbeya nikupokee stendi siku utakayosema. Ukitaka kuichana, ichane, usinitazame mimi kwanza.

Nimevuta kiti, nimekaa upande wa pili wa meza. Sishiki daftari, sishiki mboga, sikuulizi kama umekula. Soma taratibu mpaka hapa, halafu inua uso.

Mama